Reli Haikufika Nyatike, Lakini Mvuke Ulifika

Hotuba kwa wakazi katika kikao cha hadhara, Macalder, Kaunti Ndogo ya Nyatike

 

Leo nazungumza juu ya safari za mwisho za garimoshi la mvuke nchini Kenya. Najua wapo wanaojiuliza: sisi watu wa Macalder tulipata reli lini hata tukumbushwe habari zake? Swali hilo ni la haki. Katika Kaunti yetu ya Migori hakuna hata taruma moja la reli ya taifa lililowahi kulazwa.

Lakini mvuke ulitufikia. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Kutoka hapo safari iliendelea majini. Meli za mvuke za shirika la reli, kama Usoga na Rusinga, ziliundwa Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapandishwa kwenye treni, kisha zikaunganishwa upya Kisumu. Rusinga ilipewa jina la kisiwa cha majirani zetu wa Homa Bay. Meli hizo ndizo zilizounganisha Kendu Bay, Homa Bay na Karungu na nchi nzima. Kwa hiyo, kwa babu zetu, reli ilikuwa ziwani.

Ng'ambo ya ghuba palikuwa na tawi fupi la reli, kilomita 69 tu, kutoka Kisumu kupitia Maseno, Luanda na Yala hadi Butere. Lilifunguliwa mwaka 1930. Watu wengi wa Nyanza na Magharibi waliona garimoshi kwa mara ya kwanza kwenye tawi hilo.

Sasa tuje kwenye mwisho wake. Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakukuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda duniani kote kwenye reli za upana wa mita moja. Zilivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara, zikichoma mafuta mazito badala ya makaa.

Dizeli ilizishinda kwa urahisi wa kazi. Injini ya mvuke huwashwa saa nyingi kabla ya safari ili maji yachemke. Njiani husimama kunywa maji, na jioni husafishwa masizi na majivu. Ya dizeli huwashwa ikaondoka. Ilipofika mwaka 1980, zote 34 zilikuwa zimeondolewa kazini.

Kati ya hizo 34, leo zimebaki mbili: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Zote ziko katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nyingine 32 ziliishia kuwa chuma chakavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi waliifufua Mount Gelai. Ikawashwa tena, ikatoa moshi, ikavuta mabehewa yenye abiria waliolipa nauli kwa ajili ya kuiona na kuisikia tu. Hizo ndizo safari za mwisho tunazozikumbuka. Ziliwezekana kwa sababu moja: miaka ya nyuma, wakati chuma kile kilikuwa hakina kazi, kuna mtu aliyesema, "Hii msikate." Angenyamaza, leo hatungekuwa na cha kukumbuka.

Ndugu zangu, hapo ndipo habari hii inapoingia Macalder.

Mji huu ulikuzwa na mgodi wa shaba. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Mwaka huo huo, Kisumu ilipata MV Uhuru, feri ya kubeba mabehewa ya treni, ambayo haikutumia mvuke. Enzi moja ilikuwa inafunga mlango, nyingine inafungua. Mgodi ulituachia vitu. Katika miaka ya 1950 kituo cha umeme cha Gogo kilijengwa kwenye Mto Kuja ili kuupa mgodi nguvu. Mgodi ulipofungwa, Gogo hakikufungwa nao. Hicho kilihifadhiwa kwa sababu kilikuwa bado na faida ya wazi. Lakini misingi ya mitambo, vifaa vya kazi, picha na karatasi havina mtetezi.

Nafahamu maisha ni magumu. Chuma kikipimwa kwa kilo kinaweza kununua unga wa siku mbili. Lakini kinauzwa mara moja tu. Mnakumbuka pia kwamba Januari 2022 Serikali ililazimika kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu nchini, kwa sababu nguzo za umeme zilikuwa zinahujumiwa. Anayezoea kukata mtambo wa jana hachelewi kukata nguzo ya leo.

Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Kwa hiyo tusingoje Nairobi ije kutuhifadhia historia yetu. Ninawaomba mambo matatu.

Kwanza, kifaa chochote cha mgodi au cha meli za zamani kisiuzwe wala kukatwa. Mjulishe chifu au msimamizi wa wadi. Ila msiingie mashimo ya zamani kutafuta vitu. Kuta zake hazina wa kuziamini.

Pili, fungueni masanduku. Picha, tiketi, taa ya mgodi, kipande cha kazi: msivichome wakati wa kusafisha nyumba. Piga picha kwa simu, uandike ni cha nani na cha mwaka gani.

Tatu, wahojini wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa sasa yuko karibu na 80 au ameshapita. Wanafunzi, nendeni na daftari. Muulizeni alilipwa shilingi ngapi, alipanda meli gani kwenda Kisumu, nauli ilikuwa kiasi gani, na nani alifia kazini. Mwandikeni kwa jina, kama ataridhia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Injini 32 zilikwenda hivyo. Vya Macalder bado tunavyo mikononi.