Nani Ameshika Ufunguo wa Simu ya Mweka Hazina?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa ili yasomwe katika mikutano ya vikundi.



Leo sikuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mweka hazina hapa anacho mfukoni au kwenye kibeti. Ni simu.

Vikundi vingi vyenu vina sanduku la fedha lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Kwa nini? Si kwamba mweka hazina ni mwizi, la. Ni kwamba mali ya watu wengi haiachwi katika mkono mmoja.

Sasa hebu tufungue simu ya mweka hazina tuone. Mna majina ya wanachama na namba zao. Mna picha za vitambulisho. Mna ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha nani ametoa mia mbili na nani amekopa elfu kumi. Mna kundi la WhatsApp ambamo mama fulani alieleza kwa nini hakuweza kulipa mwezi huu. Hilo nalo ni sanduku, si ndiyo? Basi tuulize: lina kufuli ngapi, na funguo ziko kwa nani?

PROGRAMU MAMA NI NINI?

Simu janja, hizi za kupangusa kioo kwa kidole, haziwezi kufanya lolote bila programu moja kubwa inayoamka kwanza ukiwasha. Wataalamu huiita mfumo endeshi. Mimi nitaiita programu mama, kwa sababu hizo nyingine zote, WhatsApp, kamera, redio, huishi ndani yake na kuiomba ruhusa. Simu nyingi tulizo nazo hutumia Android, ambayo inasimamiwa na kampuni ya Google ya Marekani na ilianza kuuzwa ndani ya simu mwaka 2008.

Programu mama huona kila kitu. Na mara nyingi hupeleka habari kwa waliomtengeneza. Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, nchini Ireland, alipima jambo hili. Aliziacha simu zikae tu, bila mtu kuzigusa. Akaona kwamba simu ya Android hutuma habari Google, na iPhone hutuma Apple, kwa wastani kila baada ya dakika 4 na nusu. Mwaka huo huo, yeye na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme. Waliona nazo zikituma habari nyingi kwa watengenezaji wake na kwa kampuni nyingine pia.

Mtu atasema, "Mimi ni mkulima, Google inataka nini kwangu?" Swali zuri. Habari zako hukusanywa ili matangazo yauzwe. Lakini kwetu Kenya hatari imekuja karibu zaidi. Wengi wenu mnakumbuka programu za mikopo ya haraka. Mtu alikopa elfu mbili, programu ikaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba, akabonyeza kukubali. Alipochelewa kulipa, mwajiri wake, shemeji yake na mwenyekiti wa chama chake wakapigiwa simu. Mambo haya yalizidi mpaka mwaka 2023 Google ikazikataza programu za mikopo kusoma namba na picha za mteja. Mwaka huo huo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000. Tena oneni: waliopigiwa simu hawakuwa wamekopa kitu. Kosa lao lilikuwa kuwa katika simu ya mwenzao. Ikiwa simu hiyo ni ya mweka hazina, basi ni kikundi kizima.

INAWEZEKANA KUBADILISHA

Habari njema ni kwamba msingi wa Android uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutengeneza upya. Wapo waliofanya hivyo, na kazi yao hutolewa bure. Nitataja tatu.

LineageOS ilianza mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya kazi iliyotangulia, CyanogenMod, kufungwa. Inafaa aina nyingi za simu, hata zile ambazo mtengenezaji ameacha kuzihudumia.

/e/OS ilianzishwa na Mfaransa, Gaël Duval. Imejengwa juu ya LineageOS, ikaondolewa huduma za Google. Katika kipimo cha mwaka 2021 nilichotaja, hii ndiyo iliyoonekana kutotuma karibu chochote.

GrapheneOS imekaza ulinzi kuliko hizo mbili. Nayo imetengenezewa simu za Pixel, ambazo cha kushangaza huuzwa na Google yenyewe. Sababu ni kwamba Pixel inakubali kufunguliwa, kuwekwa programu mama nyingine, kisha kufungwa tena kwa kufuli. Simu nyingi hukubali kufunguliwa tu, halafu zikibaki bila kufuli, mwizi aliyeishika mkononi anapata nafasi.

KABLA YA KUGUSA SIMU

Wengi hukimbilia kazi kabla ya kuhesabu. Kaeni kikao kwanza mjibu maswali haya manne.

La kwanza: Simu ni ya nani? Kama ni simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku na deni halijaisha, msiiguse. Imefungwa na aliyekukopesha, na bado si yako.

La pili: Je, aina hiyo imo katika orodha? Kila mradi una orodha ya simu zake kwenye tovuti yake. Tazama namba kamili ya simu, si jina la nje tu. Simu nyingi za bei nafuu za sokoni kwetu hazimo. Huawei nayo iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Kama simu yako haimo, usimkubali fundi anayesema "nitalazimisha". Simu iliyolazimishwa yaweza kugeuka tofali, haiwaki tena.

La tatu: Mkinunua Pixel iliyotumika, mnajua ilikotoka? Nyingi hutoka Marekani, na zile zilizouzwa na kampuni ya Verizon hazikubali kufunguliwa. Kabla ya kulipa, unganisha intaneti, ingia katika mipangilio, penye habari za simu, ubonyeze mara 7 palipoandikwa "Build number". Hapo itafunguka orodha ya wataalamu. Tafuta "OEM unlocking". Kama swichi imefifia na haibonyezeki, rudisha simu, uage.

Ulizeni pia umri wake. Pixel 8, iliyotoka mwaka 2023, iliahidiwa miaka 7 ya marekebisho ya usalama. Zile za zamani ziliahidiwa muda mfupi zaidi. Simu isiyopata marekebisho ni nyumba yenye mlango uliooza, hata ukiweka kufuli mpya.

La nne: Mnatumia programu ya benki? Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka katika simu iliyobadilishwa programu mama. Kwa M-Pesa msihofu. Ile ya menyu ya laini na ile ya kupiga *334# hazitegemei Google hata kidogo. Hufanya kazi hata katika kabambe ya mulika mwizi.

KAZI YENYEWE

Nitaeleza ya GrapheneOS, kwa kuwa ndiyo yenye hatua zilizonyooka. Mnahitaji kompyuta, waya mzuri wa simu (si ule wa kuchajia tu), intaneti ya kutosha kushusha zaidi ya gigabaiti moja, na umeme usiokatika. Saa moja au mbili zatosha. Mtu akae nayo mpaka mwisho.

1. Hamisheni kila kitu. Namba, picha, hesabu, mazungumzo ya WhatsApp. Simu itafutwa yote, haibaki hata picha ya mtoto. Katibu alinganishe na daftari kabla ya kuendelea.

2. Washeni ile swichi ya "OEM unlocking".

3. Zimeni simu. Shikeni kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti mpaka itoke skrini yenye maandishi madogo. Ungeni waya.

4. Katika kompyuta fungueni tovuti ya GrapheneOS yenyewe, si nakala aliyokuwa nayo mtu kwenye flashi. Ukurasa wa kuweka programu una vitufe vinavyofuatana. Cha kwanza hufungua kufuli, na hapo ndipo simu hufutwa.

5. Bonyezeni cha kushusha, kisha cha kuweka. Simu itajizima na kuwaka mara kadhaa. Msichomoe waya.

6. Bonyezeni cha kufunga kufuli tena. Hatua hii watu huiruka kwa kuwa simu inaonekana tayari. Msiiruke! Bila hiyo mmejenga nyumba mkaacha mlango.

7. Simu ikiwaka, zimeni tena ile swichi ya "OEM unlocking", mweke namba ya siri ndefu.

Kila mkiwasha mtaona onyo la rangi ya njano likisema kwamba simu ina programu mama nyingine. Huo si ugonjwa. Ndivyo inavyotakiwa.

USIRUDISHE MGENI KWA MLANGO WA NYUMA

Katika kile kipimo cha mwaka 2021, LineageOS ilikuwa imewekewa programu za Google, na Google ikaendelea kupata habari. Kubadilisha programu mama kisha kujaza yote yaliyokuwamo ni kufua shuka na kuitandika kwenye tope. Katika GrapheneOS, kama lazima muwe na duka la Google, huwekwa kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya pekee. Mnaweza kuinyima namba, kamera, na mahali mlipo.

Tena niseme ukweli, msije mkauziwa ndoto. Programu mama mpya haizuii kampuni ya laini kujua uko karibu na mlingoti upi. Haifuti kumbukumbu za M-Pesa. WhatsApp bado itajua unawasiliana na nani. Na yule anayepiga simu akisema umetumiwa pesa kwa makosa, atapiga vilevile. Mkimtajia namba ya siri, hakuna programu itakayowaokoa.

KWA WALE AMBAO SIMU YAO HAIFAI

Najua hapa ni wengi. Msikate tamaa, wala msiuze mbuzi kununua Pixel. Fanyeni haya wiki hii, bila gharama.

Ondoeni programu za mikopo na michezo katika simu inayobeba kazi ya kikundi. Ingieni kwenye mipangilio mtazame ruhusa: programu ya tochi inataka namba za watu kwa nini? Nyimeni. Katika sehemu ya matangazo, futeni namba ya utambulisho wa matangazo, simu za miaka ya karibuni huruhusu. Kubalini marekebisho ya usalama yakija. Picha za vitambulisho zikishatumika, zifuteni. Na kama kikundi kinaweza, laini ya chama ikae katika kabambe yake ya peke yake. Kabambe haina programu za kusoma orodha ya namba na kuipeleka mbali.

Kumbukeni pia kwamba jambo hili si la hiari tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, kuziona, na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Anayekusanya habari za watu ana wajibu wa kuzitunza. Mwanachama akikuuliza, "Mweka hazina, picha ya kitambulisho changu iko wapi?", hakukosei adabu. Anauliza habari za mali yake.

Mwisho, msimwachie mtu mmoja uamuzi. Kama vile sanduku halifunguliwi na mmoja, simu ya kikundi isibadilishwe na fundi na mweka hazina peke yao. Liandikwe katika kumbukumbu za mkutano: simu gani, programu gani, nani alihamisha hesabu, nani alihakikisha. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Simu huanguka majini, daftari hubaki kabatini.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni habari zipi za wanachama zilizo katika simu ya mweka hazina wetu? Zipi hazihitajiki tena?
2. Simu hiyo ina programu gani ambazo si za kazi ya kikundi? Zimepewa ruhusa gani?
3. Simu ikipotea leo, tutapata wapi hesabu zetu kesho?
4. Kati yetu au kati ya vijana wetu, nani anaweza kusoma orodha ya simu zinazofaa na kutuletea jibu mkutano ujao?