Dawa Iliyodondoka Haiui Mdudu

Msikilizaji, leo nina neno na wewe unayelima vitunguu au kabichi. Ukienda duka la pembejeo unauliza mambo mawili: dawa gani, na vifuniko vingapi kwa bomba la lita 16. La tatu huliulizi, wala muuzaji hakwambii: jani litabaki na kiasi gani?

Ukishapuliza, inama ulitazame jani la kitunguu. Tone limejikunja kama shanga. Linatikisika kidogo, linateleza, hilo liko chini kwenye udongo. Matone makubwa mengine hudunda tu yanapogusa jani. Sababu ni nta, ule ukungu mweupe unaofutika kwa kidole. Nta na maji havipatani, na jani la kitunguu limesimama wima, kwa hiyo tone halina pa kushika.

Wiki ikipita wadudu wangali wapo, mkulima anaongeza kipimo. Gharama inapanda, udongo unazidi kunywa sumu, na wadudu waliopata dawa kidogo wakapona ndio wanaozaa kizazi sugu.

Suala la dawa kushika kwenye jani si geni. Mwaka 1885 Profesa Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa dhidi ya ubwiri unyoya wa mizabibu. Kabla ya hapo wenye mashamba walikuwa wakiurashia mizabibu ya kando ya njia ili wapita njia wasiibe zabibu. Chokaa ilizuia mrututu usiunguze majani, na mchanganyiko ukang'ang'ania hata mvua ikinyesha. Kushika kulikuwa sehemu ya dawa tangu mwanzo.

Leo zipo bidhaa za kuchanganya na dawa ili tone lilegee na kutandaa juu ya nta. Dawa nyingine zinazo tayari, kwa hiyo soma kibandiko. Usikimbilie sabuni ya unga ya kufulia, inaweza kuunguza jani. Wala usikaze nozeli mpaka dawa iwe moshi, maana matone madogo mno huchukuliwa na upepo.

Maafisa ugani na wenye maduka, somo hili liende pamoja na chupa. Nawe mkulima, kabla ya kuongeza kifuniko, jaza bomba maji matupu, pulizia mstari mmoja, kisha utazame majani. Yakibaki makavu, huenda tatizo lako si kipimo.