Mteja Akitafuta Majengo, Atupate Sisi

Mazungumzo ya fundi cherehani mmoja katika kikao cha wafanyabiashara wadogo wa wadi ya Majengo, eneo bunge la Mvita

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nashona kanzu, mabuibui na sare za shule. Nimeombwa nieleze yaliyonipata na tovuti yangu, na nitayaeleza kama yalivyokuwa ili yasiwagharimu nyinyi.

Nilimlipa kijana mmoja anitengenezee tovuti. Aliniahidi kwamba nitakuwa wa kwanza kwenye Google. Ramadhani ikaingia, na huo ndio msimu wetu sisi tunaoshona. Mtandaoni hakutoka mteja hata mmoja. Mwishowe mtu anayejua kazi hiyo akaniambia niandike kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi. Hakikutokea kitu. Tovuti ilikuwa na agizo la kuizuia Google isiiweke kwenye orodha yake. Mafundi huweka agizo hilo wakati bado wanajenga, na huyu wangu alisahau kuliondoa. Nimefungua duka, kumbe mlango una komeo!

Google ina programu zinazopita ukurasa hadi ukurasa, zikisoma na kuweka kumbukumbu. Mteja anapotafuta, hutafutiwa katika kumbukumbu hizo. Usiposomwa, hupatikani. Kwa hiyo, mwenye tovuti afanye jaribio hilo leo usiku.

Nilipotaka kurekebisha, nikagundua anwani ile ya .co.ke imesajiliwa kwa jina la yule kijana, na nywila anazo yeye. Simu hashiki. Ndugu zangu, anwani iwe kwa jina lako, na nywila ziwe mkononi mwako kabla hujamaliza kulipa.

Nilianza upya. Nikajifunza kwamba jina la mtaa wetu peke yake halitoshi. Kuna Majengo Nairobi kule Pumwani, kuna Majengo Nyeri, Majengo Vihiga, na hata Moshi, Tanzania, kuna Majengo. Ukiandika tu "Fundi wa Majengo", mtu anaweza kudhani wewe ni mwashi! Sasa kichwa cha ukurasa wangu kinasema: "Fundi wa kanzu na mabuibui, Majengo, Mombasa". Kinataja kazi, mtaa na mji.

Tena tumieni maneno ya mnunuzi. Sisi hapa twasema leso. Mtanzania atatafuta kanga au khanga. Wakenya wengi huandika lesso. Mwingine anatafuta abaya huku wewe umeandika buibui tu. Andika maneno hayo yote katika maelezo ya kawaida, panapofaa. Usirudie neno moja mara hamsini. Google inaitambua hila hiyo, na msomaji naye huchoka.

Wengi wetu tunaweka bei na simu ndani ya picha ya tangazo. Usitegemee Google kuyasoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Yaandike pia chini yake. Na hizo status za WhatsApp hufutika baada ya saa 24. Ni nzuri kwa wateja ulio nao, lakini mgeni anayetafuta fundi hazioni.

Usiye na tovuti usivunjike moyo. Google ina wasifu wa biashara, na haulipishwi. Unaweka jina, kazi, simu, picha na saa za kufungua, nawe unatokea kwenye ramani. Google yenyewe inasema huangalia mambo matatu: biashara yako inalingana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Mengine mawili yako mikononi mwako. Saa za Ramadhani zikibadilika, zibadilishe na huko. Mteja akiridhika, mwombe aandike maoni yake. Usinunue maoni ya uongo, kwani ni marufuku na wasifu waweza kufungiwa. Na kabla ya kuweka picha ya mteja amevaa nguo yako, mwombe ruhusa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

La mwisho, akikupigia mtu na kukuahidi nafasi ya kwanza, kata simu. Nafasi zisizo za matangazo haziuzwi, na matangazo ya kulipia huwekewa alama. Namba ya siri ukitumiwa kwenye simu, usimpe mtu.

Mabadiliko yanaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kabla ya kuonekana. Basi tusisubiri mwezi uandame ndipo tuanze. Mimi msimu mmoja umenipita, na cherehani zilikaa kimya wakati watu wanatafuta nguo za Idi.