Umemaliza Kidato cha Nne, Sasa Je?

Leo nazungumza na wewe uliyemaliza kidato cha nne, uko tu kwenye bloku miezi inapita, na kila asubuhi mama anakuuliza leo unaenda wapi. Mzazi, nawe usiondoke redioni.

Tuanze na gredi, maana hapo wengi hukata tamaa mapema. Hapa Kenya, C+ inakupa sifa ya kusomea digrii. C- ni diploma. D ni cheti cha ufundi, na hata aliyepata E anaweza kuanzia kozi ya atizani na kupanda polepole. Kwa hiyo anayekuambia bila C+ umekwisha, hajui mfumo. Hapa hapa kambini Don Bosco wamefundisha useremala, uchomeleaji na umeme kwa miaka mingi. Kijana anayechomelea milango sokoni anakula jasho lake, na mwenzake mwenye B bado anangoja simu ya Kanada.

Hiyo Kanada ni ya kweli. Mpango wa WUSC upo tangu 1978, na wanafunzi wa vyuo vya huko huchanga pesa ili mkimbizi akasome nao. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani ni mfadhili wake mkubwa, ulianza 1992 na hulipia masomo katika nchi unayoishi kama mkimbizi. Omba yote miwili. Lakini nafasi ni chache: mwaka 2023 UNHCR ilihesabu kwamba kati ya vijana wakimbizi 100 duniani wenye umri wa chuo, 7 tu ndio walio masomoni. Omba, halafu endelea na kozi au kazi ya insentivu huku ukingoja.

Sasa sikiliza hili vizuri. Watu wanakwamishwa na jina. Cheti cha KCSE kinasema Jean Baptiste, manifesti inasema Yohana Batista, na tarehe ya kuzaliwa ni nyingine kabisa. Wewe unajua ni mtu mmoja, lakini aliye na faili yako mezani hajui. Weka karatasi hizo mbili pamoja leo jioni, soma herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, nenda ofisi ya usajili sasa, usingoje tangazo la skolashipu, kwa sababu marekebisho huchukua muda na tarehe ya mwisho haimsubiri mtu. Na ninyi mlio kidato cha tatu, hakikisheni majina kabla hamjasajiliwa kwa mtihani.

Kuna jamaa wanaopita kwenye mabloku wakiuza fomu. Huduma za UNHCR ni bure, na fomu za ufadhili huu haziuzwi. Usimpe mtu hata shilingi mia.

Wazazi, binti aliyemaliza shule akikaa mwaka mzima kuchota maji na kupika tu, posa zinaanza kubisha hodi. Mpeni nafasi ya kwenda darasani, hata kama ni kozi ya miezi mitatu ya kompyuta. Kaka zake nao wana mikono ya kubeba mtungi.

Wiki ijayo tutaeleza kibali cha kazi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Mwenye swali amwachie mwenyekiti wa bloku, tutalipitia.