Behewa la Mukura

(Hotuba ya mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi, Bungoma)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jeshi la NRA la jirani zetu wa Uganda. Jeshi hilo lilianza vita vya msituni mwaka 1981, na tarehe 26 Januari 1986 likauteka Kampala. Kule Luwero wanakijiji ndio waliolilisha na kulipasha habari. Basi lilipokuwa jeshi la serikali, na waasi wakatokea Acholi na Teso, wakubwa wake walijua vizuri mwasi anaishi kwa nini: kwa muhogo wa wanakijiji na kwa habari wanazomletea. Shauri lao likawa kumtenga mwasi na raia. Wanaume walikusanywa wakachujwa; mwaka 1990 watu wengi wa Kumi waliingizwa kambini.

Hapo ndipo reli inapoingia. Njia yetu hii ikivuka Malaba hufika Tororo, na huko tawi lake hupanda Mbale, Kumi mpaka Soroti. Kabla ya kufika Soroti kuna Mukura. Tarehe 11 Julai 1989 askari waliwafungia watu waliokamatwa ndani ya behewa la mizigo. Ninyi mnalijua behewa la chuma likifungwa mlango, sina haja ya kuwaeleza. Watu 69 walikufa kwa kukosa hewa.

Wakubwa walijifunza njia nyingine pia. Juni 1988 walikwisha patana na waasi wa UPDA kule Gulu, na Teso nako msamaha na mazungumzo vilifanya kazi. Mwaka 2003 LRA walipoingia Teso, serikali iliwapa bunduki wenyeji wenyewe, wale Arrow Boys, na baadhi yao walikuwa waasi wa zamani! Kama wangalianza na mazungumzo, mimi naona Mukura isingalitokea.

Wala tusiseme haya ni ya Uganda tu. Machi 2008, katika Operesheni Okoa Maisha, wanaume wa Mlima Elgon walipelekwa Kapkota kuchujwa vivyo hivyo. Wako ambao jamaa zao wanawangoja mpaka leo.

Ombi langu, Bwana Mwenyekiti, liandikwe katika kumbukumbu za leo: mwanachama akiamriwa na mtu yeyote kufungia watu katika behewa la mizigo, akatae, na chama kisimame naye. Nani ananiunga mkono?