Kikombe cha Jibini Kina Gramu Ngapi?
Msikilizaji, mapishi mengi ya Marekani hupima jibini kwa kikombe, ilhali madukani kwetu huuzwa kwa gramu. Kikombe chao ni mililita 240 hivi. Jibini aina ya cheddar iliyokunwa, ikijaa humo bila kushindiliwa, ni takriban gramu 113. Basi kipande cha gramu 250 hutoa vikombe viwili na ziada kidogo. Ukiishindilia, uzito unapanda, na kama unapika sosi ya jibini, itakuwa nzito mno. Jibini laini ya kupaka mkate haina nafasi za hewa, hivyo kikombe hufika gramu 225 hivi, karibu mara mbili! Nakusihi, kama una mizani, pima kipande kwanza, ndipo ukune. Kikombe cha chai usikitegemee. Ukubwa wake hutofautiana nyumba hadi nyumba.