Plagi ya Hita Isilazimishwe

Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Asubuhi za baridi, kama za Makete au Njombe, joto hilo huenda lisitoshe. Ndiyo maana pikapu na malori madogo mengi yana plagi za hita, moja kwa kila silinda. Zikifa, gari huwaka kwa tabu, hutetemeka na kutoa moshi mweupe.

Plagi yenyewe si ghali sana. Gharama iko kwenye kuitoa. Hushikwa na kutu na masizi, na mwili wake ni mwembamba. Fundi akiilazimisha kwa spana ndefu, inakatika. Kipande kikibaki ndani, huenda silinda hedi nzima ikafunguliwa, na kazi ya saa chache ikageuka ya siku kadhaa.

Plagi isilazimishwe. Kwanza ipimwe kwa mita, maana wakati mwingine kilichokufa ni rilei au fyuzi tu. Kisha ipuliziwe dawa ya kulegeza kutu, ilale nayo usiku kucha. Injini ipashwe moto ndipo plagi ifunguliwe, taratibu, ikirudishwa nyuma kidogo kila inapokaza. Na kabla spana haijashikwa, mwenye gari akubaliane na fundi: ikikatika, nani atalipa?